Jike Mwenye Sikio Lililochanika

Nyumbani kwa akina Kvamme, sarara ya kulungu wa kwanza hailali. Mnyama akipigwa asubuhi, mchana ameshachunwa, na jioni hiyo hiyo ile minofu miwili ya ndani ya mgongo inakatwa vipande vya unene wa kidole, inatiwa kwenye siagi na vitunguu, na inaliwa watu wakiwa bado na soksi zao za sufu. Baba yake Delmar alifanya hivyo, na babu yake aliyekuja Wisconsin kwa meli kutoka Norwei alifanya hivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Kwa hiyo Jumamosi ile ya kufungua msimu wa kuwinda, Ardis Kvamme alikuwa jikoni akigeuza nyama kwa uma, na mezani nyuma yake mumewe alikuwa anasimulia kwa mara ya nne.

"Hakukimbia," alisema Delmar. "Nakwambia, Darin, alinitazama hivi, uso kwa uso. Hatua thelathini."

"Hatua thelathini, Baba, hata mimi ningempiga kwa kofia," alijibu mwanawe.

"Kwa kofia! Wewe leo umepiga nini? Umepiga miayo."

Wote walicheka, na aliyecheka kuliko wote ni Delmar mwenyewe, kwa sababu ilikuwa misimu minne sasa hajapata kitu. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu na hakutaka kwenda kufanyiwa upasuaji. Wenzake kanisani walikuwa wamempa jina, Mfadhili wa Kulungu, na kila Novemba walimuuliza kama mwaka huu atawapelekea na blanketi. Leo alikuwa amerudi na mnyama ndani ya pikapu, akapiga honi tangu barabarani, kisha akamchuna peke yake ndani ya banda la gari. Hakutaka mtu amsaidie hata kushika mguu.

"Mama, nipe kile kilichoungua pembeni," alisema Renae, mke wa Darin.

Ardis alimwekea kile, akamwongezea kingine. Renae alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kabla ya hii ziliharibika, moja ikiwa na wiki tisa na nyingine kumi na nne, na tangu afikishe mwezi wa tano watu wa nyumba hiyo walikuwa wanatembea kama wamebeba trei ya mayai. Alikula kipande cha tatu, akachukua mkate akapangusa siagi kwenye sahani.

"Huyu ni Kvamme kabla hajazaliwa," alisema Delmar akilielekezea kisu tumbo la mkwewe. "Sikia anavyoita nyama."

"Baba, lakini kichwa umekipeleka kupimwa?" aliuliza Renae, bado anatafuna.

"Kinapimwa kichwa cha mnyama mgonjwa. Huyu alikuwa na manyoya unaweza kulalia."

"Mgongoni mbona hakuwa na mafuta?" alisema Darin. "Nimeona ngozi."

"Mwaka huu mialoni haikuzaa. Atapata wapi mafuta, dukani?" Delmar aliweka uma chini. "Mimi siwapelekei watu wa wanyamapori kichwa. Mwaka ule ugonjwa wa kukonda ulipoingia, huu unaokula ubongo wa kulungu, walikuja hapa wanataka tuwamalize kulungu wote, mpaka vitoto. Ukiwapa kichwa kimoja kesho wanataka kundi. Baba yangu alikula kulungu miaka themanini, akafa kwa kudondoka kutoka darini."

Wakacheka tena. Ardis alisema anakwenda kuchukua bitiruti za kwenye siki, ambazo aliziweka kwenye rafu ya banda.

Ngozi ilikuwa imening'inizwa. Mifupa ilikuwa ndani ya ndoo mbili, na kichwa kilikuwa sakafuni juu ya gunia la chakula cha mifugo, macho wazi. Ardis alinyoosha mkono achukue chupa, na mkono ukabaki hapo hapo hewani. Sikio la kushoto la kichwa kile lilikuwa limechanika katikati mpaka chini, vipande viwili vimeachana kama mkia wa mbayuwayu.

Alimjua. Alimjua kuliko alivyowajua nusu ya majirani zake.

Mwaka wa tatu huu, tangu magoti yamzuie kwenda mbali, Ardis alikuwa anamwaga mahindi nyuma ya chumba cha zamani cha maziwa, na kuweka mabonge ya chumvi yaliyobaki walipouza ng'ombe. Kulisha kulungu kulikuwa kumekatazwa wilaya nzima kwa sababu ya ugonjwa ule. Tangazo lilibandikwa kila mahali, hata kwenye mlango wa duka la mbegu. Lakini dirisha la chumba chake cha kushonea lilitazama kule, na jioni walipokuja, wanane, kumi, mpaka kumi na wawili, alijisikia kama mtu anayepokea wageni. Delmar hakuona, macho yake hayakufika kule. Huyu mwenye sikio alikuja na mtoto mara mbili. Kisha mwezi wa Oktoba alianza kuja peke yake, mchana, miguu ya mbele ameitanua, kichwa kimening'inia, udenda unamtoka na kuganda kidevuni. Siku moja alisimama akiutazama ukuta wa mbao karibu saa nzima kama aliyesahau alikokuwa anakwenda.

Ardis alikuwa ameziona picha za kulungu wagonjwa pale dukani. Alijiambia kwamba ni uzee.

Alichukua chupa ya bitiruti, akazima taa, akarudi ndani. Renae alikuwa anapangusa sufuria kwa kipande cha mwisho cha mkate. Ardis alifungua chupa, akaiweka mezani mbele yake, akaketi.

"Mbona umepauka hivyo, bibie?" aliuliza Delmar.

"Baridi ya banda," alisema.


Asubuhi ya Jumapili Delmar alikuwa bado anakoroma wakati Ardis, amevaa koti lake la kanisani, alipokitia kichwa kile ndani ya gunia na gunia ndani ya ndoo, akaendesha gari mpaka njia panda. Pale karibu na kituo cha zimamoto ndipo lilipowekwa kasha kubwa la kijani la kupokea vichwa. Pembeni palikuwa na kisanduku chenye kadi, mifuko na penseli iliyofungwa kwa kamba.

Namba ya usajili wa mnyama aliinakili kutoka kalenda ya jikoni, ambako Delmar aliiandika kwa wino mwekundu na kuizungushia duara mara tatu. Jina la mwindaji aliandika la mumewe. Namba ya simu aliandika yake. Palipouliza mnyama amepigwa wapi, aliandika nyuma ya nyumba. Chini kabisa paliuliza kama mnyama alionekana na dalili yoyote ya ugonjwa, na palikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Alisimama na penseli mpaka vidole vikafa ganzi. Akaviacha vyote viwili vitupu.

"Bi Ardis! Umeanza kuwinda na koti la komunio?"

Alikuwa Orville Pribnow, jirani wa upande wa mtoni, anashusha vichwa viwili kutoka kwenye pikapu yake. Alikuwa na kofia ya rangi ya chungwa na kicheko ambacho hakikuhitaji sababu.

"Ni cha Delmar," alisema Ardis.

"Delmar! Delmar huyu huyu aliyesema yeye atapeleka kichwa hapa siku atakayopeleka chake?" Orville alishika kiuno. "Kafa?"

"Yu mzima. Orville, nakuomba, usimwambie kama umeniona."

Kicheko kilimkauka Orville. Alilitazama gunia, akamtazama yeye. "Umeona nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijaona kitu. Nataka tu kujua."

"Basi nyama msiile mpaka majibu. Siku kumi, siku kumi na nne. Mimi yangu iko kwenye friza na nimeibandika karatasi, mke wangu haigusi." Alimfungulia mfuniko wa kasha, kwa sababu ulikuwa mzito. "Mmeshakula?"

Ardis aliingiza kichwa ndani. Kiligonga vingine kwa sauti ya kitu kigumu kilichoganda.

"Bado," alisema, kisha akaenda kanisani, na siku hiyo hakuweza kwenda mbele kupokea meza ya Bwana. Alibaki kwenye benchi akisema anaumwa magoti.


Delmar alipogundua kichwa hakipo alidhani koyote, wale mbwa wa mwituni, wamekiburuta, akaitupa mifupa korongoni kama kila mwaka. Jumatatu na Jumanne alisaga nyama, vifurushi arobaini na vitatu, kila kimoja ameandika tarehe kwa mkono wake. Ardis alimpangia ndani ya friza la sanduku kwenye chumba cha chini ya nyumba. Alipomaliza alizungusha ufunguo, ambao haukuwahi kutumika tangu friza linunuliwe, akauzika kwenye kopo la vifungo vya nguo.

Alikuwa amejipangia hivi: majibu yakija mazuri, hakuna atakayejua kitu. Yakija mabaya, hapo atasema. Siku kumi tu. Kumwambia Renae sasa ni kumtia hofu, na hofu inaweza kuiharibu mimba kuliko nyama. Alijiambia hivyo akiosha vyombo, akiwa garini, na alipopiga magoti pembeni ya kitanda. Hata mara moja hakuyaamini maneno yake mwenyewe.

Alhamisi ilikuwa Sikukuu ya Shukrani. Darin na Renae walikuja na mkate wa boga, wakala bata mzinga, na walipoaga Renae aliinua kikapu.

"Mama, Baba alituahidi nyama ya kusaga. Nyama ya ng'ombe imepanda bei, nimeacha hata kuitazama. Nipe hata vifurushi kumi."

"Bado haijaganda vizuri," alisema Ardis.

"Imekaa siku mbili ndani ya friza, haijaganda?" alisema Darin.

"Basi ufunguo siuoni. Nimeuweka mahali."

"Ufunguo wa friza?" Delmar aliuliza. "Tangu lini friza letu limekuwa benki?"

Renae alishusha kikapu taratibu. Mashavu yake yalikuwa yamepata rangi. "Hakuna neno, Mama," alisema. "Tutanunua."

"Si hivyo, mwanangu."

"Nimesema hakuna neno." Alikuwa anajifunga skafu. "Nilidhani hii ni nyumba ambayo mtu anaweza kuomba."

Baada ya gari kuondoka Delmar alimkaushia vyombo. Kisha akasema, mgongo kwake, "Miaka minne sijaleta nyama nyumbani. Nimeleta, unaifungia. Unaniaibisha mbele ya mwanangu, Ardis."

Angeweza kusema hapo hapo. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini alimwona anavyokausha ile sufuria nyeusi iliyokaangiwa sarara, anavyoizungusha mikononi kama zawadi, na akanyamaza.

Zikaja siku za kukaa karibu na simu. Alipika kuku, alipika supu ya dengu, alipika samaki ambaye Delmar alimsogeza kwa uma kama anamtafuta mwingine chini yake. Kila jioni kulungu walikuja nyuma ya chumba cha maziwa kama kawaida. Hakuwamwagia mahindi, ila chumvi ilikuwa pale, na walipopigania nafasi ya kulamba aliwaona kwa mara ya kwanza kama walivyo: midomo minane, kumi, kwenye bonge moja, mate ya mmoja yakiingia kinywani mwa mwingine. Alishusha pazia, akawasikia hata hivyo.

Alipiga simu kwa Renae mara mbili. Mara ya pili Renae alijibu, akasema hajambo, mtoto anacheza sana, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Na usijali yale ya Alhamisi, Mama. Nilikuwa nimechoka. Yote yamekwisha." Ardis alimshukuru Mungu kwa sauti alipokata simu, na hakujiuliza kwa nini yamekwisha.


Jumatano ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, simu ililia. Mwanaume kijana, mpole, aliuliza kama anaongea na familia ya Delmar Kvamme.

"Ni kuhusu kulungu jike aliyepigwa siku ya kufungua msimu. Samahani mama, kipimo kimeonyesha ana ule ugonjwa."

Ardis alikaa juu ya debe la unga.

"Kuna mtu amekula nyama yake?"

"Ndiyo."

"Sawa." Alisikika akigeuza karatasi. "Basi nakwambia kama ninavyowaambia wote. Mpaka leo hatujui binadamu hata mmoja aliyeupata kwa kula kulungu. Hata mmoja. Lakini hatuwezi kuahidi, ndiyo maana tunawashauri watu wasile. Kupika hakusaidii, moto hauui ugonjwa huu. Iliyobaki itupeni kwenye jaa la wilaya, siyo porini. Mashine ya kusagia..." Akamweleza mambo ya kuosha, dawa, visu. "Na kwa kuwa nyama imepotea, Bwana Kvamme atapewa kibali kingine cha kulungu, bila malipo."

"Kibali kingine," alisema Ardis.

"Ndiyo, mama. Ni haki yenu."

Alishuka chini akachukua ufunguo kwenye kopo la vifungo. Lakini haukuwa na kazi. Kufuli la friza lilikuwa limetolewa skrubu, zote mbili, na kurudishwa kwa kulegezwa. Mtu alikuwa amelifungua kwa adabu sana. Ardis alihesabu vifurushi, akahesabu tena kwa kugusa kimoja kimoja. Vilikuwa thelathini na kimoja.

Delmar alikuwa uani, anapasua kuni.

"Vifurushi kumi na viwili viko wapi?"

Alitabasamu kama mtoto aliyeshikwa. "Niliona aibu, bibie. Mtoto wa watu anaomba nyama na mimba yake. Nilimpelekea Ijumaa ile ulipokuwa kwenye mkutano wa akina mama. Nikamwambia asikuambie." Kisha alimwona uso. "Nini? Ardis, nini?"

"Twende," alisema. "Washa gari. Hapana, utatuua, niachie mimi."


Jiko la Renae lilikuwa limejaa mvuke. Alikuwa amesimama mbele ya sufuria ya maharage mekundu na nyama ya kusaga, amevaa shati la Darin kwa sababu ndilo pekee lililomtosha, kijiko mkononi, anaonja.

"Mmepatana!" alisema akiwaona wote wawili. "Karibuni, kiko tayari. Mama, usinikasirikie, Baba ndiye mwizi."

Ardis alivuka jiko na buti zake zenye theluji, akazima moto. Akamnyang'anya kijiko. Alikuwa amejipanga njiani atakavyoanza, na hakuna neno lililobaki.

"Yule kulungu alikuwa mgonjwa. Wamenipigia leo. Ana ule ugonjwa wa kukonda."

Renae alimtazama Delmar. Delmar alikuwa ameshika fremu ya mlango, na ilikuwa wazi kwamba hata yeye ndiyo kwanza anasikia. Njiani Ardis hakuweza kufumbua mdomo.

"Nani kapeleka kichwa?" aliuliza Delmar.

"Mimi."

"Lini?"

"Jumapili. Asubuhi yake."

Renae alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, chini, kama anayezuia kitu kisianguke. Aliongea polepole. "Jumapili ulipeleka kichwa. Kwa hiyo Jumapili ulikuwa unajua."

"Nilikuwa sina hakika."

"Ulijua lini, Mama?"

"Nilimwona sikio. Kule bandani. Nilikuwa namlisha mimi, Renae. Nyuma ya chumba cha maziwa, mahindi na chumvi, miaka mitatu. Nilimwona anaumwa tangu Oktoba, nikanyamaza kwa sababu imekatazwa, nikaona aibu watu wajue."

"Bandani," alisema Renae. "Ulipokwenda kuchukua bitiruti."

"Ndiyo."

"Nilikuwa bado nakula."

Ardis alikiweka kijiko mezani.

"Ulirudi nikiwa bado nakula," alisema Renae, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "ukaniwekea bitiruti mezani. Ukakaa. Ukanitazama."

Alienda kwenye sinki akatapika chai na kile kidogo alichoonja, kisha akafungua mfereji akaendelea kuinama hapo muda mrefu maji yakienda. Delmar alitaka kumshika bega. Renae alimwondoa mkono bila kugeuka. "Nendeni nyumbani," alisema. "Darin atawapigia."

Daktari wa wilaya aliwaambia yale yale ya yule kijana wa simu. Hajawahi kuonekana mtu. Hakuna kipimo cha kumpima mtu mzima wala cha kumpima mtoto tumboni. Kwa wanyama ugonjwa hukaa kimya mwaka, miaka miwili, ndipo uonekane. Kwa watu hajui kama kuna cha kuonekana. Darin aliuliza sasa wafanye nini. Daktari alisema waishi.


Delmar alikaa bandani siku mbili. Siku ya tatu alitoka na sururu.

"Nionyeshe," alisema.

Ardis alimshika mkono kwenye theluji mpaka nyuma ya chumba cha maziwa, kwa kuwa hakuona vizuri pa kukanyaga. Bonge la chumvi lilikuwa limebaki kama ngumi. Lakini pembeni yake ardhi yenyewe ilikuwa imelambwa ikawa shimo, pana kama beseni la kuogea, linafika magotini. Kulungu walikuwa wanakula udongo kwa ajili ya chumvi iliyozama. Delmar alipiga magoti akapapasa kingo kwa viganja, akazifuata zote mpaka aliporudi alipoanzia.

"Wote kwenye bakuli moja," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi nimejisifu kijiji kizima. Hatua thelathini." Alijipangusa uso kwa mkono wa koti. "Hakukimbia kwa sababu hakujua akimbilie wapi, Ardis. Nimempiga mgonjwa aliyepotea, nikampigia honi."

Walijaza shimo kwa mawe ya ukuta wa zamani, wakafunika kwa mabati, wakazungushia waya. Darin aliwakuta wanamalizia. Hakumsalimia mama yake, lakini alichukua nyundo akapiga misumari iliyobaki.

Wiki ya Krismasi ilikuwa na msimu mfupi wa kupiga majike. Miaka yote Delmar aliuita msimu wa wachinjaji. Safari hii alimkabidhi Darin bunduki ya baba yake, yeye akashika fimbo, akatembea kwenye vichaka akipiga kelele ili kulungu watoke upande aliko mwanawe. Ardis alikaa dirishani kwenye chumba cha kushonea. Kila mlio uliposikika alitaja mmoja aliyemjua: mwenye goti jeupe, yule mdogo mwenye wivu, wale mapacha. Walipiga saba siku nne. Vichwa saba vilipelekwa kwenye kasha la kijani na Delmar mwenyewe, mchana kweupe, na Orville alipomwona alivua kofia, hakufanya mzaha. Kadi zote Delmar alisomewa na Ardis, na palipouliza dalili, Ardis alijaza. Hakuna aliyegusa nyama. Majibu yalikuja: watatu kati ya saba.

"Watatu," alisema Delmar. "Hao tumewaondoa. Na wale wengine waliolamba pale, wako wapi leo?"

Korongoni, chini ya theluji, ilikuwa imelala mifupa ya miaka arobaini waliyoitupa yeye na baba yake. Kuanzia siku theluji ilipoyeyuka alikuwa anashuka na ndoo kuiokota, mfupa kwa mfupa, akiipapasa zaidi ya kuiona.


Mtoto alizaliwa mwisho wa Januari, msichana, kilo tatu na robo, wakamwita Linnea. Ardis aliambiwa na Darin kwa simu. Alishona blanketi akalituma, likapokelewa. Alishona na kofia. Kila asubuhi alisema maneno yale yale akiwa amepiga magoti ambayo daktari alimkataza kuyapiga: Bwana, deni ni langu, usimwandikie yeye.

Mwezi wa Mei, Jumapili moja baada ya ibada, Renae alimfuata kwenye maegesho. Alisimama mbele yake na mtoto begani, akamtazama kwa muda. "Mikono inaniuma," alisema, akamkabidhi.

Renae na Darin walikwenda kula kwa Delmar na Ardis kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Kulikuwa na kuku. Delmar aliomba sala ya chakula, akaisema ndefu. Baadaye wanaume walitoka kutazama uzio wa waya, na Ardis akabaki kwenye kiti cha dirishani na mtoto mapajani. Linnea alikuwa mzito, anapumua vizuri, anashika kidole cha mtu mpaka kinageuka rangi. Kichwa alikibeba mwenyewe. Ardis alikitazama anavyokibeba. Alikitazama kinapolegea kidogo mbele, kikanyanyuka tena.

Kisha udenda ulimtoka mtoto pembeni ya mdomo, uzi mrefu unaong'aa, ukashuka mpaka kidevuni.

Ardis aliufuta kwa ncha ya aproni. Ukatoka mwingine. Akaufuta.

"Anaota meno, Mama," alisema Renae. Alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi, na haikujulikana amesimama hapo tangu lini.

"Najua. Darin alikuwa hivi hivi, nilikuwa nambadilisha shati mara nne kwa siku."

"Watoto wote wako hivyo."

"Wote."

Renae aliweka sahani chini. Alivuta kiti akakileta karibu, magoti yao yakagusana. Nje, kule nyuma ya chumba cha maziwa, kulungu jike mmoja, mwembamba baada ya majira ya baridi, alikuwa ametokea kwenye miti, ananusa waya, anatafuta mahali pa kupitisha ulimi. Hakuna aliyemtazama. Wote wawili walikuwa wameinamia mdomo wa mtoto, wanangoja, aproni ikiwa tayari.